Naitwa mwana wa nyumbani, lakini sina mkataba

SWALI: Mhariri, kwa miaka minne nimefanya kazi katika karakana ya samani ya familia moja hapa Mwanza. Mzee mwenye karakana huniita mwanangu, na mkewe alinisaidia sana nilipofiwa. Lakini sina mkataba, sijawahi kupewa likizo, na nikigusia jambo hilo huambiwa kwamba ndugu hawahesabiani. Nifanyeje?

JIBU: Wema waliokutendea ni wa kweli, nami nisingependa uusahau, ila haufuti haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiitengi kampuni ya familia: mwajiri anapaswa kukupa maelezo ya kazi yako kwa maandishi, likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka, na saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Ulizia pia michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mapema, kwa kuwa pengo lake huonekana uzeeni, wakati mzee huyo huenda hayupo na warithi wake hawazijui ahadi zake. Mwendee faraghani, kwa heshima ya mtoto kwa mzazi, ukiwa na rasimu ya mkataba mkononi. Akikataa, peleka shauri lako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.