Wakubwa mnaoanza kuwasaidia wadogo kazi za nyumbani, someni haya kwanza

Wadogo zangu wa umanite (sekondari ya juu) ya tatu na ya nne mlioanza mwaka huu kuwasaidia wenzenu hapa Katuba, Lubumbashi, ninawapenda na ninawashukuru, lakini mnanichosha. Jumamosi nilikaa nyuma ya chumba nikiwatazama, na nililoliona ni lile lile la miaka yote: mtoto wa umanite ya kwanza analeta swali, hajamaliza hata kulisoma, na mkubwa amekwisha kumnyang'anya biki na kumwandikia jibu zima katika kaye (daftari) yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwenye kaye. Walimu wenu si vipofu. Nitaandika kwa namba kwa sababu mmezizoea, ingawa ninajijua kwamba sitazifuata vizuri.

1. Kabla hujasema lolote, omba kuona alichokijaribu. Asiye na kitu cha kuonyesha arudi kwenye benchi na karatasi ya majaribio, aandike angalau data za zoezi na lile linalotafutwa, halafu ndipo aje. Aliye na kitu, msome hadi mstari wa mwisho, ukiwa umefunga kinywa.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mimi sikulifanya. Nilikuwa mfinalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, wa komersiali (tawi la biashara), tena mwenye sifa ya uhasibu, na sifa hiyo ilikuwa imenivimbisha kichwa. Mwalimu wa umanite ya pili alikuwa ametoa zoezi fupi la jurnali, daftari la uhasibu la kuandikia kila operesheni: mfanyabiashara ameuza bidhaa kwa pesa taslimu, faktire ni faranga za Kongo (FC) 580.000 TTC, yaani ushuru umo ndani, TVA (ushuru wa ongezeko la thamani) ni 16%, andikeni operesheni hiyo. Binti mmoja wa darasa lile, msichana asiyependa kusema mbele ya watu, alinijia na kaye iliyofunguliwa, akaniuliza, «Yaya», yaani mkubwa wangu, «nimefanya hivi, ni sawa?» Sikuitazama ile kaye. Nilisoma swali tu, nikachukua chaki, nikaligeuza swali lake kuwa somo la watu wote. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba TVA ni 16%, kwa hiyo mnachukua 580.000, mnazidisha kwa 16, mnagawa kwa 100, mnapata 92.800, na kinachobaki, yaani 487.200, ndicho mauzo. Nikaandika ubaoni: debiti 571 (pesa taslimu) kwa 580.000, krediti 701 (mauzo) kwa 487.200, krediti 443 (TVA ya serikali) kwa 92.800. Nikajumlisha pande zote mbili, zikalingana, nikapiga mistari miwili chini yake kama mkaguzi wa benki. Wote wakanakili, hata wale waliokuja kwa ajili ya jiografia.

Mmekwisha kuliona kosa, au ninatumaini hivyo. Bei ya TTC tayari imeubeba ushuru ndani yake. Ni 116% ya bei ya HT, yaani bei bila ushuru, na TVA hupigiwa hesabu juu ya HT, kamwe si juu ya TTC. Kwa hiyo 580.000 inagawiwa kwa 1,16, tunapata mauzo ya 500.000 na TVA ya 80.000. Kilichonidanganya ni ule ulinganifu. Debiti na krediti zilikuwa sawa kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimehamisha 12.800 kutoka mauzo kwenda serikalini, na jumla haiwezi kuona uhamisho wa namna hiyo. Jurnali inayolingana inaweza kuwa na uongo ndani yake, nanyi mnaosema «imelingana, tuendelee» kila Jumamosi, ninawasikia. Na mjue kwamba anayetunga itemu (maswali) za Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, analifahamu kosa hili vizuri. Usishangae kulikuta 487.200 kati ya majibu ya kuchagua, likikungojea kwa utulivu.

Kaye ziliporudi, yule binti aliniletea yake bila neno. Alikuwa amepata 500.000 na 80.000 tangu mwanzo, nyumbani kwao, peke yake. Baada ya kunisikiliza alikuwa amezifuta kwa rula, mstari ulionyooka, akaandika zangu kando yake. Mwalimu alikuwa amezizungushia zile zilizofutwa kwa biki nyekundu na kuuliza pembeni kwa nini amezifuta. Wengine walipoteza alama kwa sababu hawakujua. Yeye alizipoteza kwa sababu aliniheshimu. Mwalimu hakunigombeza, aliniita tu mbele ya darasa lao nisahihishe ubaoni, na ningependelea anigombeze. Binti aliendelea kunisalimia kwa adabu kila tulipokutana njiani, lakini swali hakuniletea tena hadi nilipomaliza shule. Ningeisoma mistari yake mitatu, ambayo ingenichukua muda mfupi kuliko kutafuta chaki, yeye ndiye angenifundisha.

2. Fuata njia ya mwalimu wake. Darasa ambalo bado linatatua milinganyo ya kipeo cha pili kwa kutafuta vigawo halihitaji delta yako (ile b² − 4ac), hata kama delta inafika haraka.

3. Picha za simu. Ninajua kwamba umeme ukikatika mtu hupiga picha kwa mwanga wa simu ya jirani, na kwamba mega za intaneti zinanunuliwa kwa pesa. Hata hivyo msijibu nusu ya swali. Kuna mmoja wenu, simtaji, aliyemtatulia mtoto zoezi zima la fizikia usiku, na asubuhi ikaonekana kwamba kidole cha mpiga picha kilikuwa kimefunika maneno «bila msuguano». Alikuwa ameshughulikia msuguano kwa ukurasa mzima, masikini, na kwa ustadi mkubwa. Ombeni ukurasa wote, pamoja na maagizo yaliyo juu ya zoezi.

4. Elezeni kwa Kiswahili mpendavyo, lakini sentensi ya Kifaransa inayokwenda kwa mwalimu aitunge mwenye kaye.

5. Usipojua, sema hujui, na mpeleke kwa anayejua. Nimewaona wawili kati yenu wakibishana juu ya valensi katika kemia hadi mtoto aliyeuliza akaondoka kwenda kuchota maji, akarudi, akawakuta palepale.

6. Kaye za kurithi. Hizi ninazichukia kwa namna ya pekee. Mtoto anakuja na kaye ya uhasibu ya kaka yake mkubwa, au ya mjomba, nanyi mnaifungua na kunakili namba za akaunti bila kutazama ni ya mwaka gani. Nchi yetu, Kongo, iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012. Kabla ya hapo tulifuata mpango wa uhasibu wa mwaka 1976, ambao akaunti zake si hizi mnazofundishwa leo, na hata SYSCOHADA, mfumo wa uhasibu wa OHADA, yenyewe ilirekebishwa, ikaanza kutumika katika sura yake mpya tarehe 1 Januari 2018. Tazameni kwanza tarehe kwenye jalada. Ikiwa ya zamani mno, mrudishieni mama yake kwa heshima. Anayeuza karanga katika soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, atajua la kufanya na karatasi hizo.