Hii "ni" ni ya nani? Kwa mnaoanza kusoma tafsiri za Joseph Smith

Insha yangu ya kwanza kuhusu Joseph Smith ilirudi mikononi mwangu ikiwa na duara moja tu la kalamu nyekundu. Nilikuwa nimenukuu maneno ambayo Smith anaonekana akisema mwenyewe kwamba ametafsiri sehemu ya mabamba ya Kinderhook. Mwalimu aliyekuwa akiongoza kundi letu la historia ya dini alizungushia silabi ya kwanza ya "nimetafsiri", akaandika pembeni: "Hii 'ni' ni ya nani?"

Ilinichukua wiki mbili kupata jibu. Karibu yote ninayotaka kuwaambia ninyi mnaoanza nilijifunza katika wiki hizo mbili, kwa hiyo nitawapitisha njia ileile niliyopita.

Aprili 1843, katika kijiji cha Kinderhook jimboni Illinois, watu walichimba tuta la kale la kuzikia wakatoa mabamba sita madogo ya shaba, yenye umbo la kengele, yaliyojaa alama ambazo hakuna aliyezijua. Yalipelekwa Nauvoo, mji aliokuwa akikaa Joseph Smith, nabii mwanzilishi wa dini ya Wamormoni. Miaka 13 kabla ya hapo Smith alikuwa amechapisha Kitabu cha Mormoni, akisema amekitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu. Kwa hiyo mnaweza kuona kwa nini macho yote yalimwelekea yeye.

Katika historia iliyochapishwa baadaye, Smith anasema kwa nafsi ya kwanza kwamba ametafsiri sehemu, na kwamba humo mna habari za mtu aliyezikwa na mabamba hayo, mzao wa Hamu kupitia Farao wa Misri. Ndiyo maneno niliyonukuu. Ila Smith aliuawa katika jela ya Carthage tarehe 27 Juni 1844, na sehemu hiyo ya historia iliandikwa na makarani baada ya yeye kufa. Walichukua shajara za watu waliokuwa karibu naye na kugeuza "yeye" kuwa "mimi". Katika siku zao huo ulikuwa utaratibu wa kawaida wa kuandika historia ya mtu mkubwa, na hakuna aliyedhani anadanganya. Chanzo halisi ni shajara ya karani wake, William Clayton, tarehe 1 Mei 1843, na Clayton aliandika kwamba Rais, yaani Smith, ndiye aliyetafsiri sehemu. Ile "ni" niliyoinukuu haikutoka kalamuni wala mdomoni mwa Smith.

Je, hilo linamwondolea Smith lawama? Mimi nilidhani hivyo kwa siku mbili tatu, nikafurahi kwamba nimegundua jambo kubwa. Halafu nikaisoma tena shajara. Clayton alikuwa karani wake wa karibu, aliandika wakati uleule, na kasema wazi kwamba sehemu ilitafsiriwa. Ushahidi umesogea hatua moja tu, haujafutika. Mtu mwingine wa ndani, Parley P. Pratt, aliandika barua siku chache baadaye akisema mabamba yana nasaba ya Myaredi mmoja kurudi hadi Hamu. Wayaredi ni watu wa Kitabu cha Mormoni, na Clayton hawataji kabisa. Wiki moja tu, mji mmoja, na tayari habari ina sura mbili. Zoeeni kuziweka habari za namna hii bega kwa bega na tarehe zake kabla hamjaamua lolote.

Mwaka 1879 mmoja wa wachimbaji, Wilbur Fugate, alikiri kwa barua kwamba yeye na wenzake wawili waliyatengeneza mabamba hayo kwa mzaha: alama zilichorwa kwenye nta, kisha tindikali ikala shaba. Hata hivyo watetezi wa Smith waliendelea kuyaamini kwa karibu miaka mia moja zaidi. Bamba moja lililosalia Chicago lilipimwa kimaabara mwaka 1980, ikathibitika kwamba alama zake zililiwa na tindikali, na mwaka 1981 jarida la Kanisa la Wamormoni lenyewe likachapisha matokeo hayo.

Jambo lililonigusa zaidi kuliko yote ni hili. Watafiti Don Bradley na Mark Ashurst-McGee walilinganisha mabamba na daftari ambalo Smith na makarani wake waliliandaa mwaka 1835 kama sarufi na alfabeti ya Kimisri. Juu ya bamba mojawapo kuna alama inayofanana na mashua. Katika daftari lile alama inayofanana nayo imepewa maelezo ya mamlaka ya kifalme kupitia ukoo wa Farao na umiliki wa mbingu na nchi, karibu yaleyale ya Clayton. Tena barua ya mtu asiye Mormoni, iliyochapishwa gazetini New York mwaka huohuo wa 1843, inasema alimwona Smith akizilinganisha alama na alfabeti yake ya Kimisri. Kwa maoni yangu suala hilo limekwisha: Smith hakudai ufunuo hapa, alifungua daftari lake akatafuta alama inayofanana, kama afanyavyo yeyote mwenye kamusi. Wanaosema hakutafsiri chochote wanakosea, na wanaosema aliota kitabu kizima kutoka kwenye shaba ya mzaha wanakosea pia.

Kinachobaki ni kuuliza kamusi yenyewe, yaani daftari lile, ilitoka wapi. Hapo ndipo kazi yenu kubwa itakapokuwa.

Julai 1835 mfanyabiashara wa maonyesho aitwaye Michael Chandler alifika Kirtland, Ohio, akiwa na maiti nne za Misri zilizokaushwa, pamoja na mikunjo ya mafunjo. Smith na wenzake walivinunua vyote kwa dola 2,400, fedha nyingi sana kwa jamii maskini kama ile. Mtaalamu Champollion alikuwa amefumbua maandishi ya Kimisri mwaka 1822 huko Ufaransa, lakini Kirtland hapakuwa na mtu wa kuyasoma. Machi 1842 gazeti la Nauvoo lilianza kuchapisha Kitabu cha Ibrahimu, ambacho Smith alisema amekitafsiri kutoka mafunjo hayo, pamoja na nakala za michoro mitatu na maelezo yake. Baada ya kifo cha Smith mafunjo yalitawanyika, na kwa miaka mingi ilidhaniwa yaliteketea katika moto mkubwa wa Chicago wa 1871. Kisha vipande kadhaa vikaonekana katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, likavikabidhi kwa Kanisa Novemba 1967.

Wataalamu wa Misri walivisoma mara moja. Ni maandishi ya maziko kutoka Thebes, ya karne kadhaa za mwisho kabla ya Kristo, mamia mengi ya miaka baada ya zama anazowekwa Ibrahimu. Kipande chenye mchoro wa kwanza ni cha kuhani aitwaye Hor. Smith alieleza kwamba mtu aliyelala ni Ibrahimu juu ya madhabahu, na anayesimama ni kuhani wa sanamu anayetaka kumchinja. Wataalamu wanaona marehemu katika sura ya Osiris, mungu wa wafu wa Wamisri, juu ya kitanda cha simba, na mungu Anubis akimhudumia ili afufuke. Mwaka 2014 Kanisa lilitoa maelezo rasmi likikubali kwamba alama zilizomo katika vipande hivyo hazilingani na tafsiri ya Kitabu cha Ibrahimu, na kwamba wataalamu Wamormoni na wasio Wamormoni wanakubaliana juu ya hilo.

Mtakutana na jibu la mkunjo uliopotea: kwamba Ibrahimu alikuwa katika sehemu tusiyo nayo. Msilidharau, na msilipokee bila kupima, kwa sababu linapimika. Mkunjo ukiharibika ukiwa umekunjwa, uharibifu hurudiarudia kila mzunguko, na umbali kati ya alama mbili za uharibifu hupungua kadiri unavyoingia ndani. Kwa njia hiyo mtaalamu wa Misri John Gee alikadiria kwamba zimepotea zaidi ya mita 12. Watafiti wengine, Andrew Cook na Christopher Smith (si Joseph), walipima upya mwaka 2010 wakapata sentimita 56 hivi. Tofauti kubwa hivyo inawatosha kujua kwamba mabishano yako katika kuweka rula, na nawasihi mjaribu wenyewe kwa picha na rula. Mimi nilipofanya nilipata namba inayokaribia ile ndogo.

Lakini kilichonishawishi zaidi ni pambizo za miswada. Katika miswada ya 1835 ya Kitabu cha Ibrahimu, makarani waliandika aya za Kiingereza kulia, na kushoto wakaweka alama za Kimisri. Nyingi ya alama hizo zinatoka kwenye kipande kilichopakana na ule mchoro wa kwanza, yaani maandishi ya Hor tuliyonayo. Alama moja imesimama mbele ya aya nzima ndefu. Wapo wanaosema aya zilitangulia na alama zikapachikwa baadaye kama jaribio la kujifunza Kimisri. Inawezekana. Hata hivyo waandishi hao walidhani wanajua aya zile zinahusiana na kipande gani, na kipande hicho hakikupotea.

Sasa nizungumzie neno lenyewe, maana hapa sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna faida. Mswahili hutafsiri barua, hufasiri ndoto, na msikitini huketi kwenye darsa la tafsiri, ambalo ni kufafanuliwa Kurani, si kuigeuza lugha tu. Masikio yetu yamezoea kwamba mzizi mmoja unabeba kazi tofauti. Smith naye alitumia neno moja kwa kazi tofauti. Kitabu cha Mormoni alikisema kwa imla mwaka 1829, mara nyingi akitazama jiwe ndani ya kofia, mabamba yakiwa yamefunikwa au hayapo mezani. Kuanzia 1830 hadi 1833 "alitafsiri" Biblia bila kushika maandishi ya Kiebrania wala Kigiriki. Alipitia Biblia ya Kiingereza akirekebisha na kuongeza. Masomo ya Kiebrania aliyaanza kwa bidii mwanzoni mwa 1836. Mkichukua maana ya leo ya ofisi ya wafasiri mkaisukumia juu ya kazi hizi zote, mtapotea siku ya kwanza.

Ila msilifanye neno hilo mlango wa kutorokea. Wengine husema: alimaanisha ufunuo tu, mafunjo yalimwamsha moyo. Hiyo ni imani, na mwanahistoria hana rula ya kuipimia. Lakini kichwa kilichochapishwa mwaka 1842 kinataja maandishi ya Ibrahimu akiwa Misri, yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe juu ya mafunjo. Hayo ni madai kuhusu kitu kinachoshikika, na madai kuhusu kitu hujibiwa na kitu. Mimi nasema bila kuzunguka kwamba kwa maana hiyo madai hayakusimama.

Kwa sababu hiyohiyo msijenge hoja juu ya neno moja la Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili. Kimefanywa kwa uangalifu na kinasomwa na watu wengi wa kwetu, lakini kimetoka Kiingereza kilichohaririwa mara kadhaa tangu 1830. Nendeni kwenye picha za miswada, ambazo mradi wa Joseph Smith Papers umeziweka mtandaoni bure, kisha mtafsiri wenyewe mnachohitaji.

Kisa cha Charles Anthon nitakipitia haraka. Mwaka 1828 Martin Harris, mfuasi wa Smith, alimpelekea profesa huyo wa New York nakala ya alama za mabamba ya dhahabu. Kwa maelezo ya Harris, Anthon alithibitisha tafsiri kisha akaichana hati. Wapya hukimbilia barua za Anthon kumpinga Harris, na hawaoni kwamba ile ya 1834 inasema alikataa kutoa maandishi, na ile ya 1841 inasema aliyatoa. Shahidi anayewapendeza mchunguzeni kwa ukali uleule.

Na ikitokea hati mpya inayojaza pengo barabara, subirini. Mwaka 1980 Mark Hofmann alileta karatasi iliyosemekana kuwa ndiyo aliyopelekewa Anthon, na mabingwa wakaipokea kwa furaha. Aliighushi, kama alivyoghushi nyingine nyingi, na alipokaribia kugunduliwa mwaka 1985 aliua watu wawili kwa mabomu.

Katika kundi lenu watakuwemo waumini, na watakuwemo waliolihama Kanisa kwa uchungu kwa ajili ya karatasi hizihizi. Nimewahi kuona dada mmoja akifunga daftari lake na kutoka nje tulipofika kwenye mchoro wa kwanza, kwa sababu mwenzetu alicheka. Usiku ule nilitamani ningemzuia yule aliyecheka kabla hajafungua mdomo. Semeni mlichokiona kwenye karatasi kwa ukamilifu wake, wala msikipunguze kwa huruma, lakini msicheke.

Mkipata nafasi, tazameni kipande cha Hor kwa dakika chache bila kumfikiria Smith wala wapinzani wake. Kinamtaja baba yake, Usirwer, na mama yake, Taykhebit. Kiliandikwa ili azikwe nacho, apate kuvuta pumzi tena huko aendako.