Wanafunzi wangu wanabeti, na mimi pia nabeti

SWALI: Habari Anti. Mi ni mwalimu wa hesabu, shule ya kutwa huku Eastlands, kidato cha tatu. Juzi nimegundua karibu nusu ya vijana wa darasa langu wanabeti, wanatumia laini ya kaka ama ya mama, na wengine wameshikwa na kale kamchezo ka simu ka kandege kanapaa halafu kanapotea na pesa. Kuna mmoja alimaliza pesa ya lanchi ya muhula mzima, nilijua tu vile alikuwa analala darasani kwa njaa. Mwalimu mkuu anataka niwahutubie paredi ya Ijumaa. Nitasema nini na wananijua, mimi mwenyewe Jumamosi lazima nipange mkeka wa mechi za kubeti? – Mwalimu, Donholm

JIBU: Mwalimu wangu, paredi wachana nayo. Kijana akisimama kwa jua ukimwambia kubeti ni mbaya anawaza tu mechi ya saa tisa. Wewe una kitu hata pasta hana, una hesabu.

Chukua sarafu ya kumi, ile ya simba. Kila mtu aandike mkeka wa mechi kumi kwa karatasi, simba ama nembo, akunje aweke, halafu rusha sarafu mara kumi mbele yao. Kupatia zote kumi ni nafasi 1 kwa 1,024, kwa hivyo usishangae asipopatikana hata mmoja, lakini darasa la watu 50 tarajia wawili watatu hivi wapatie nane ama tisa, na hao ndio watapiga kelele ati walikosa kidogo tu. Hapo ndio somo liko! Huyo wa tisa mwambie apange tena, mrushe tena, uone kama hataangukia tano ama sita kama wenzake. Sarafu haikumbuki alikuwa karibu. Hii ya "mechi moja tu imenichania" ndio inarudisha watu Jumamosi ingine, kuliko hata kushinda.

Ya ndege ni fupi. Michezo kama Aviator hutangaza inarudisha 97% ya pesa watu wanaweka, vijana wanaskia ni kama bure. Waambie wazidishe 0.97 mara thelathini kwa kalkuleta. Soo, yaani shilingi mia, ukiizungusha yote raundi thelathini, kwa wastani imebaki kama 40, na raundi thelathini kwa simu ni dakika chache tu, hata chai haijapoa. Na ni wastani, mmoja anaweza toka na mia tisa, huyo ndio mtaa mzima utamskia, wale walitoka mikono mitupu wamenyamaza.

Sasa huyo wa lanchi usimtaje darasani hata kwa mafumbo. Muite kando, muulize anadaiwa na nani kabla ya kumuuliza kwa nini. Tangu 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, inahesabu uraibu wa kamari kama ugonjwa, na dalili zenyewe ni kama hizi: mtu anashindwa kujizuia, kamari inatangulia mambo mengine, anaendelea na inamuumiza. Mpeleke kwa mshauri wa shule, na akianza kuongea mambo ya kujidhuru usingoje kesho, namba 116 ya watoto haikatwi pesa. Mamake naye abadilishe PIN, maana sheria inasema miaka 18, lakini kwa kampuni anayebeti hapo ni mama, na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, itakatwa kwa mama.

Halafu mkeka wako. Omba stetimenti ya M-Pesa ya mwaka mzima, piga *334#, uende nayo darasani, jumlisha ubaoni ulichotuma na ulichorudishiwa. Usipige hiyo hesabu nyumbani kwanza, ipige mbele yao.