Aliyepunjwa kuliko wote ni Pop Gates

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Mwanamichezo gani wa zamani alipunjwa kuliko wote?", litawaletea majina ya wanasoka mpaka mchoke. Kila mmoja wetu ana mjomba aliyechezea timu kubwa akalipwa soda na nauli ya kurudi. Mimi natoka nje ya soka. Ninayemtaja ni William Gates, maarufu kwa jina la Pop, mcheza mpira wa kikapu wa Harlem, New York. Nyuma yake naiweka timu nzima ya Renaissance, ambayo mashabiki waliifupisha wakaiita Rens.

Wanaoufuatilia mchezo huu watanikatiza hapohapo: mbona si George Mikan? Hoja yao ina uzito. Mikan, lile jitu lenye miwani la Minneapolis Lakers, ndiye aliyelazimisha eneo la chini ya kikapu lipanuliwe kutoka futi 6 hadi 12 mwaka 1951, kwa sababu akisimama pale hakuna wa kumgusa. Uzeeni kisukari kilimkata mguu, pensheni yake ikawa kama dola 1,700 kwa mwezi, akaishia kuuza kumbukumbu zake za uchezaji. Alipofariki mwaka 2005, gharama za mazishi alizibeba Shaquille O'Neal. Inauma. Lakini huyo huyo Mikan alipotoka chuoni mwaka 1946 alisaini na Chicago American Gears kwa dola 12,000 kwa mwaka, fedha ambazo wachezaji wenzake walizisikia tu. Mwaka 1949 ubao wa Madison Square Garden haukutangaza Lakers dhidi ya Knicks, timu ya New York, ulitangaza Mikan dhidi ya Knicks. Alisomea sheria akawa wakili, na ligi ya ABA ilipoanza mwaka 1967 ikamfanya kamishna wake wa kwanza. Mikan alidhulumiwa pensheni. Nafasi hakunyimwa.

Na mkitaka kuhesabu ujira mdogo peke yake hamtamaliza, maana mwanzoni wote walikuwa vibarua. James Naismith alitundika vikapu vyake vya mapichi pale Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, na miaka mitano haijatimia tayari watu walikuwa wanacheza kwa fedha. Mchezo wa kulipwa unaotajwa kuwa wa kwanza ulichezwa Trenton, New Jersey, mwaka 1896, na inasimuliwa kwamba kila mchezaji aliondoka na dola 15 baada ya gharama za ukumbi kutolewa. Walicheza ndani ya uzio wa waya kama kuku wa mayai. Mwaka 1902 kijana wa miaka 18 wa mji wa Lowell, Harry "Bucky" Lew, akawa mweusi wa kwanza kulipwa kwa kazi hiyo, dola 5 kwa mchezo. Meneja wake alimweka benchi, na hakumwingiza hadi mwenzake alipoumia na watazamaji wakapiga kelele kwamba mtu yupo, kwa nini timu icheze pungufu.

Mkataba lilikuwa neno geni. Joe Lapchick, mtoto wa wahamiaji kutoka Yonkers aliyeacha shule mapema, alichezea timu kadhaa ndani ya msimu mmoja. Meneja mwenye dau kubwa usiku huo ndiye aliyempata. John Wooden, ambaye dunia inamjua kama kocha wa chuo kikuu cha UCLA, katika miaka ya 1930 alikuwa mwalimu wa sekondari jimboni Indiana na mwisho wa juma akaichezea Indianapolis Kautskys, timu ya mwenye maduka ya vyakula. Wooden alipofikisha mitupo huru 100 mfululizo bila kukosa, tajiri Kautsky alimpa noti ya dola 100 uwanjani. Ligi ya NBL iliyoanza mwaka 1937 ilibebwa na viwanda: Goodyear na Firestone za Akron, General Electric ya Fort Wayne. Mchezaji alisajiliwa kwa kupewa ajira kiwandani. Kwetu Mombasa jambo hili halihitaji maelezo marefu. Timu ya bandari, KPA, tumeikuta hivyo hivyo, na kijana mrefu anayeulizia kazi bandarini huulizwa kwanza kama anajua kudunda mpira.

Kwa hiyo mimi sipimi kupunjwa kwa mshahara. Napima kwa kilichofuata: mtu alipojua kazi kuliko wenzake, kazi hiyo ilimfikisha wapi?

Sasa niwaeleze hao Rens. Bob Douglas, mzaliwa wa kisiwa cha St. Kitts, aliianzisha timu mwaka 1923 kwa makubaliano na wenye ukumbi wa Renaissance Casino, Harlem: timu ibebe jina la ukumbi, ukumbi uipe timu mahali pa kuchezea. Palikuwa ukumbi wa dansi. Vikapu vilifungwa, mechi ikachezwa kwenye sakafu ya kuchezea dansi, kisha bendi ikapanda jukwaani na watu wakaendelea kula kiingilio chao. Ligi ya ABL ilipoundwa mwaka 1925 haikuchukua timu za weusi, basi Douglas akawapandisha vijana wake kwenye basi na barabara ikawa ligi yao. Msimu wa 1932–33 walishinda michezo 88 mfululizo katika siku 86. Hesabu inayonukuliwa kwa maisha yote ya timu ni ushindi 2,588 na vipigo 539. Ndani ya timu hiyo walikuwemo watu wenye kazi mbili mbili: Fats Jenkins na Bill Yancey walicheza pia besiboli katika ligi za weusi, na Eyre Saitch alikuwa bingwa wa tenisi.

Maisha yao ya njiani ndiyo ninayoyapenda kuyasimulia. Hoteli nyingi hazikuwapokea na mikahawa iliwafungia mlango, kwa hiyo walikuwa wakiweka kambi katika mji mkubwa wenye mtaa wa weusi, Chicago au Indianapolis, wakitoka kwenda kucheza mbali na kurudi usiku huohuo kulala. Meneja wa safari, Eric Illidge, alitembea na vitu viwili: bastola, na kile kidude cha mkononi cha kuhesabia watu mlangoni. Timu ililipwa kwa fungu la viingilio, na wenye kumbi walikuwa na tabia ya kusema walioingia ni nusu ya waliomo. Illidge alihesabu mwenyewe, na vijana hawakuingia uwanjani kabla ya fedha kuwa mkononi mwake. Mkono mtupu haulambwi. Na mwamuzi je? Wachezaji wenyewe walisimulia dawa yao: wakimbilie kuongoza kwa pointi 10 mapema iwezekanavyo, kwa sababu hizo 10 ndizo walizojua watanyang'anywa na filimbi.

Machi 1939 yakafanyika Chicago mashindano ya dunia ya timu za kulipwa, weusi kwa weupe. Rens waliwatoa Harlem Globetrotters, timu nyingine ya weusi, 27–23, fainali wakawafunga Oshkosh All-Stars, timu ya weupe ya NBL, 34–25. Zawadi ilikuwa dola 1,000 kwa timu nzima. Douglas akawashonea vijana majaketi yaliyoandikwa kwamba wao ni mabingwa wa dunia "weusi". John Isaacs, mlinzi aliyezaliwa Panama, akachukua wembe akakaa akafumua uzi wa neno hilo moja mpaka likatoka. Douglas akalalamika kwamba anaharibu jaketi. Isaacs akamjibu kwamba analitengeneza.

Gates alikuwa katika kikosi hicho, na umri wake ulikuwa miaka 21. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameipa ubingwa wa jiji shule yake ya Benjamin Franklin. Alijaribu chuo huko Atlanta, fedha zikakosekana, akarudi Harlem, na Rens wakamchukua kwa dola 125 kwa mwezi. Ubingwa wa shule za jiji, na msimu uliofuata ubingwa wa dunia: kijana wa leo mwenye rekodi hiyo angekuwa na wakala, viatu vyenye jina lake na nyumba ya mama. Vita vilipokuja akaingia kiwanda cha ndege cha Grumman, Long Island, na mwisho wa juma akawa anasafiri kuichezea Washington Bears, mkusanyiko wa wale wale wa Rens kwa jina jingine. Bears wakachukua ubingwa wa dunia wa mwaka 1943. Fikirieni hilo kidogo: bingwa wa dunia anayewahi zamu kiwandani Jumatatu.

Mwaka 1946 NBL ikafungua mlango kidogo na Gates akaingia, kwanza Buffalo, kisha timu ilipohamia Moline, Illinois, na kuitwa Tri-Cities Blackhawks. Msimu mmoja tu. Mwaka uliofuata hakuwa nao tena, akarudi Rens.

Kisha ukaja mkasa ambao kwangu ndio unaompa kura. Desemba 1948 timu moja ya NBL, Detroit Vagabond Kings, ilikufa katikati ya msimu. Ligi ikahitaji wa kuziba pengo, ikawaita Rens, lakini wahame New York wakacheze Dayton, Ohio. Gates akawa mchezaji na kocha, mweusi wa kwanza kufundisha timu katika ligi kubwa ya kulipwa, timu ya weusi watupu ndani ya ligi ya weupe. Na masharti yake? Wakabebeshwa na matokeo ya marehemu: ushindi 2, vipigo 17. Wao wenyewe, wakiwa tayari ni wazee wa mchezo, wakashinda 14 na kupoteza 26, na jedwali likaandika 16 kwa 43. Agosti 1949 NBL na ligi pinzani ya BAA zikaungana kuzaa NBA yenye timu 17. Dayton Rens hawakuwemo. Timu ya Bob Douglas ikaishia hapo.

Mwaka uliofuata, 1950, NBA ikachukua weusi wake wa kwanza: Chuck Cooper akateuliwa na Boston, Nat "Sweetwater" Clifton akasajiliwa na Knicks, na Earl Lloyd akatangulia kugusa sakafu, tarehe 31 Oktoba, akiwa na Washington Capitols. Gates alikuwa na miaka 33. Hakuna aliyempigia simu, si kama mchezaji wala kama kocha. Alikwenda Globetrotters akawa mchezaji na kocha wao hadi 1955, kwenye onyesho la kuchekesha watu, yeye aliyekuwa ameifundisha timu katika ligi halisi.

Mlinganisheni na Lapchick. Katika miaka ya 1920 na 1930 Lapchick alikuwa mchezaji wa kati wa Original Celtics, wapinzani wakubwa wa Rens, na enzi hizo mpira ulirushwa upya katikati kila baada ya kikapu, kwa hiyo usiku mzima alikuwa akiruka ana kwa ana na Charles "Tarzan" Cooper wa Rens. Alikuwa na desturi ya kumkumbatia Cooper kabla ya mpira kurushwa, mbele ya watazamaji waliojaa chuki, na alisema wazi kwamba hajakutana na mchezaji wa kati aliyemzidi. Sina neno baya juu ya Lapchick. Lakini tazameni ngazi aliyopanda: mwaka 1936 alipewa timu ya chuo cha St. John's, mwaka 1947 akapewa Knicks. Hakuwa na shahada. Alikuwa na kichwa kilichojaa mpira wa kikapu, na kwa mtu mweupe hicho kilitosha. Cooper na Gates walikuwa na kichwa hicho hicho. Walijifunzia mchezo huo huo, kwenye sakafu zile zile.

Mtaniambia heshima ilikuja. Kweli: timu nzima iliingizwa katika jumba la magwiji la Springfield mwaka 1963, Douglas mwaka 1972, Tarzan Cooper mwaka 1977, Gates mwaka 1989, miaka kumi kabla ya kufa kwake. Isaacs alisubiri hadi 2015, yeye akiwa kaburini tangu 2009. Mimi heshima ya namna hiyo hainitoshi, kwa sababu kuna kitabu kingine chenye uzito zaidi, kile cha takwimu za NBA.

NBA inahesabu historia yake kuanzia mwaka 1946, yaani inaichukua miaka mitatu ya BAA kuwa miaka yake. Kikapu alichofunga Ossie Schectman wa Knicks kule Toronto tarehe 1 Novemba 1946 ndicho kinachoitwa kikapu cha kwanza cha NBA, ingawa siku hiyo NBA haikuwepo. Miaka ya NBL haikuchukuliwa, japokuwa Blackhawks wenyewe waliingia NBA na leo ndio Atlanta Hawks. Majira yale yale ya baridi Schectman alipokuwa akifunga, Gates alikuwa akifunga kwa Blackhawks. Tafuteni leo jina la Pop Gates katika takwimu rasmi za NBA: michezo sifuri, pointi sifuri, na upande wa makocha hayumo.