Wasifu wa Breckinridge: tarehe za Mexico na pa kuanzia

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuandika maisha ya John C. Breckinridge, wakili wa Kentucky, na mbona habari za huduma yake katika vita vya Marekani na Mexico hazipatani. Hazipatani kwa sababu alipewa umeja katika kikosi cha kujitolea mwaka 1847, lakini walifika Mexico City ikiwa imeshatekwa. Andika "alihudumu", usiandike "alipigana".

Kosa kubwa zaidi ni kudhani jimbo lake lilijitenga na Marekani pamoja na majimbo ya Kusini. Kentucky ilibaki ndani ya Muungano, yaani Marekani, ndiyo maana aliingia Seneti Machi 1861. Akafukuzwa Desemba 4, akiwa tayari jenerali wa Kusini, upande wa majimbo yaliyojitenga.

Fungua na Februari 13, 1861. Yeye ni Makamu wa Rais, ameshindwa na Lincoln katika uchaguzi wa urais kwa kura 72 za wajumbe wa uchaguzi dhidi ya 180, na ndiye anayesimama bungeni kutangaza matokeo. Hapo msomaji anamwona mtu huyu kwa ukamilifu wake: sheria kwanza, kinyongo baadaye.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe usitaje kila pambano. Shiloh inatosha, na New Market, Mei 15, 1864, alipowaingiza vitani wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Virginia, wengine vijana wadogo kabisa. Uwaziri wake wa Vita katika serikali ya Kusini, 1865, ulikuwa wa miezi michache tu, kisha akatorokea Cuba kwa mashua. Alirudi 1869, akafa 1875 akiwa na miaka 54.

Ukipekua kumbukumbu, shikilia ile herufi C. Babu yake, Mwanasheria Mkuu wa Rais Jefferson, naye aliitwa John Breckinridge.