Kazi ya kiwanda cha vioo: ulizeni habari za vumbi kwanza

Wadogo zangu, mmeniuliza kama ni kweli kazi ya kiwanda cha vioo huku Uingereza ni kukaa na kubonyeza vitufe. Kule mbele, kioo kinakotokea, mitambo inafanya mengi. Mimi nipo nyuma, kwenye malighafi.

Kioo cha dirisha kwa sehemu kubwa ni mchanga wa silika. Unaongezwa magadi ili uyeyuke kwa joto la chini kidogo, mawe ya chokaa na dolomaiti (jiwe linalofanana na la chokaa), pamoja na vipande vya kioo cha zamani. Vyote vinapimwa, vinachanganywa na kunyunyiziwa maji kidogo ili vumbi litulie na chembe zisijitenge njiani. Vile vipande vya zamani ndivyo vinavyotaka macho: kigae cha kikombe kikipita humo, kinaweza kutokea kama kijiwe katikati ya kioo, na kioo hicho kinarudi kusagwa.

Tanuri linafika nyuzijoto 1,500 hivi za Selsiasi. Uji wa kioo unamiminwa juu ya bati iliyoyeyuka (ile metali laini, si mabati ya kuezekea), unaelea na kujilaza wenyewe ukawa bapa. Njia hiyo ilitangazwa na kampuni ya Pilkington mwaka 1959, hukuhuku kaskazini mwa Uingereza. Kisha kioo kinapozwa taratibu, maana kikipozwa haraka kinapasuka.

Tanuri hilo likishawashwa, linaweza kuwaka zaidi ya miaka 10 bila kuzimwa. Krismasi au Idi, zamu ya usiku iko palepale, na simu ya msiba nyumbani inaweza kukukuta kazini.

Lakini moto siuogopi kama vumbi. Lile laini kabisa la silika, usiloliona kwa macho, linazama hadi ndani ya mapafu na kuyaachia makovu yasiyopona. Ugonjwa wake ni silikosisi, na mara nyingi hujitokeza baada ya miaka mingi. Ndiyo maana hatufagii pakavu. Tunafyonza kwa mashine au tunalowesha kwanza. Barakoa nayo lazima ibane uso sawasawa, kwa hiyo ndevu nilizinyoa.

Wakala akikutajia mshahara, muulize utawekwa sehemu gani, kama barakoa itapimwa usoni mwako kabla hujaanza, na mapafu yatachunguzwa kila baada ya muda gani. Akianza kuzungukazunguka, kazi hiyo iache.