Kabla ya kuandika dawa, uliza nauli

Ninyi mnaoanza kazi kwenye kliniki ya kifafa, niwaambie mapema jambo nililochelewa kulijua: bei ya dawa ni kipande kidogo tu cha gharama ya mgonjwa.

Fenobabitoni inatibu kifafa tangu 1912. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa matibabu ya kila siku yanaweza kugharimu dola 5 za Kimarekani kwa mwaka. Hata hivyo, katika nchi maskini, wagonjwa watatu kati ya wanne hawapati matibabu wanayohitaji. Zamani nilikuwa nawalaumu waganga wa kienyeji. Siku hizi nauliza kwanza: umekujaje, na leo umeacha kazi gani? Anayeishi kwa vibarua akija kliniki kila mwezi hupoteza ujira wa siku 12 kwa mwaka, bado nauli yake na ya msindikizaji. Zile dola 5 zinakwisha kabla hajafika dirisha la dawa. Kwa hiyo aliyetulia, asiyeanguka tena, mpe dawa za miezi miwili au mitatu, stoo ikiruhusu.

Stoo nayo ina mambo yake. Fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa kimataifa. Kibali kikichelewa, rafu inabaki tupu. Na haiachwi ghafla: mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu, na hali hiyo huua. Niliwahi kumhamishia mama mmoja dawa mpya, nzuri kweli, isiyomletea usingizi. Akainunua miezi miwili, wa tatu akaishiwa, akanyamaza. Alirudi amebebwa. Sikuwa nimemuuliza kama ataimudu hadi mwakani.

Lakini msikimbilie rahisi tu. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo binti aliye katika umri wa kuzaa asipewe eti kwa sababu ndiyo iliyopo.

Vipimo pia, taratibu. Picha ya ubongo ina mahali pake, ila masimulizi ya aliyemwona mgonjwa akianguka ni ya bure, na mara nyingi yanatosha kuanzia dawa. Mwenye simu mwombeni arekodi video. Mimi huwa naitazama mara mbili, ya pili nikiangalia mkono upi umeanza kutetemeka.

Na akiaga, mwambieni: vidonge vikibaki vya wiki mbili, aanze kutafuta vingine, asingoje chupa iishe.